Betri Niliyoisingizia Kifo

Siku ilianza vizuri tu. Jumanne, jua la kawaida, nami nimelala chali chini ya dashibodi ya lori la mtu nikitafuta waya uliokatika, simu ya dada yangu ikaingia.

"Mdogo wangu, pikapu imegoma tena."

"Imegoma vipi?"

"Kimya. Nazungusha funguo, hata haikohoi."

Hiyo ilikuwa mara ya nne ndani ya siku tisa. Nikamwambia nakuja. Nikakata simu, nikabaki nimelala pale pale nikitazama waya za watu.

Mnijue kwanza. Mimi ni fundi umeme wa magari. Sikukaa darasa la ufundi hata siku moja. Nilijifunza kwa kupigwa shoti na kwa kufungua vitu ambavyo wenyewe walikuwa wameshavitupa. Nina hasira za karibu, hilo halina ubishi, lakini gari lako likija kwangu utaambiwa ukweli hata kama unakuchoma. Kama ni fyuzi nasema fyuzi, sikuzungushi hadi kwenye alteneta. Ukutani pa gereji niliandika kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mtoto: HAPA HATUDANGANYI. Siku hizi nikipita pale natazama chini.

Pikapu ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Mtu mrefu, mpole, dereva wa polepole kiasi kwamba baiskeli zilikuwa zikimpita na kumpigia kengele. Alibeba mbao, alibeba magodoro, alibeba harusi na misiba ya mtaa mzima. Wiki tatu kabla ya Jumanne hiyo, alfajiri, kifua kilimbana akiwa peke yake nyumbani. Dada alikuwa zamu ya usiku hospitali, upande wa dobi, anakofua na kukunja mashuka. Hospitali hiyo hiyo ndiko alikotaka kwenda. Toka getini kwao mpaka mlango wa wagonjwa wa dharura ni kilomita sita. Nimezipima mwenyewe, na nitaeleza kwa nini. Shemeji alijikokota hadi kwenye pikapu, akaingia, akazungusha funguo. Gari halikuwaka. Jirani mwenye duka alimkuta kumekucha, kichwa kimeegemea usukani, mkono wa kulia umeshuka chini.

"Betri ilikuwa imekufa," ndivyo watu walivyoambiwa. Na fundi ndiye aliyewaambia.

Sasa betri za pikapu hiyo zikawa hazifiki asubuhi.

Nilipofika siku hiyo dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kanga mabegani, macho makavu. Alikuwa amepungua. Ukimshika kiwiko unashika mfupa.

"Milango yote niliifunga," alisema kabla sijamwamkia. "Niliifunga, nikaijaribu mmoja mmoja. Taa ya ndani wewe mwenyewe uliitoa balbu. Niambie, safari hii nani kaiua?"

"Betri hufa tu, dada. Ni vitu."

"Ile ya siku ile haikufa tu."

Hapo ndipo pana kidonda. Jioni ile ya mwisho, akielekea kazini, dada alifungua mlango wa pikapu kuchukua mwavuli. Hakumbuki kama aliufunga barabara. Msibani watu wakaniuliza, betri imekufaje wakati gari lilikuwa zima jana yake? Nami, kwa kuwa mimi ndiye mjuzi, nikajibu kama anayepiga chafya: "Labda mlango haukufungwa vizuri, taa ya ndani ikakesha." Sikujua kuwa dada yuko nyuma yangu. Nilisikia sinia likiwekwa chini taratibu.

Tangu hapo hali, halali. Anatoka zamu asubuhi, badala ya kulala anazunguka pikapu akisukuma milango.

"Tafuta tatizo," alinishika mkono wa shati. "Kama lipo tatizo jingine, wewe utaliona. Ukilipata, basi si mimi niliyemuua. Usipolipata, ni mimi. Mimi sitaki maneno ya kunipoza, nataka uniambie kifundi."

Mtu akikupa kazi ya namna hiyo utasema nini? Nilifungua boneti.

Betri ilikuwa mpya, ya tatu hiyo. Mimi kila betri ninayoigusa huibandikia plasta nyeupe, naandika kwa kalamu ya wino: tarehe, volti, na kilomita zilizo kwenye mita ya gari. Ni desturi yangu. Mteja akija kulalamika, plasta ndiyo shahidi. Jana yake niliandika volti kumi na mbili na nukta sita. Asubuhi hiyo mita ilinipa tatu. Betri hainyweki hivyo kwa usiku mmoja, labda uwashe taa zote na redio juu.

Tena nilikuwa nimeizima swichi ya siri. Ni kitu nilichomfungia shemeji kwa ajili ya wezi: swichi nzito, ukiizima inakata umeme wa gari zima, funguo inakuwa kipande cha chuma tu. Ipo nyuma ya kisanduku cha makaratasi, upande wa abiria. Niliizima kwa mkono wangu jioni. Asubuhi nilipopeleka mkono, ilikuwa bado imezimwa.

Umeme umekatwa, na betri imenyonywa. Nenda kamwulize fundi yeyote unayemwamini.

Jambo jingine lilikuwa dogo. Zulia la chini ya kiti cha dereva lilikuwa limevutwa, limekunjwa upande mmoja. Nililikuta hivyo mara ya kwanza, nikasema panya. Mara ya pili nikaligandisha kwa gundi ya viatu. Siku hiyo lilikuwa limebanduliwa tena, na gundi imebaki na michirizi minne, sambamba.

Nikaichaji betri mpaka mchana. Saa tisa, jua kali, kuku wa jirani wanajikunyata kivulini, nikaanza kazi upya. Njia yangu ni moja. Natoa waya wa hasi, kati ya waya na kichwa cha betri naunga taa ndogo ya kupimia. Taa ikiwaka, kuna kitu kinakunywa. Hapo nachomoa fyuzi moja moja. Fyuzi itakayoizima taa ndiyo yenye mwizi wake.

Niliacha swichi ya siri imezimwa makusudi. Taa ikawaka.

Nikachomoa fyuzi ya redio. Inawaka. Ya honi. Inawaka. Ya taa za mbele, za nyuma, ya vifuta kioo. Nikazipanga juu ya tambara, kumi na nne, sanduku likabaki mashimo matupu kama ufizi wa mzee. Taa inawaka. Nikafungua waya wa alteneta. Nikafungua wa stata. Kwenye kichwa cha chanya hapakubaki hata uzi.

Taa inawaka.

Sikuwa na hofu bado, nilikuwa na hasira. Vitu visiponitii hunipandisha. Niliikodolea ile taa kama naigombeza, ndipo nikaona kuwa haiwaki sawasawa. Inazidi mwanga, inashuka. Inatulia. Inazidi tena, inashuka.

Nakujua kupumua kwa taa namna hiyo. Huwa hivyo mtu akiwa ndani anazungusha funguo.

Ikafanya mara tatu. Ikatulia.

Boneti ilikuwa imeinuka, sikuweza kuona ndani. Dada alikuwa amelala chumbani, hatimaye. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu, nilizishika. Kuku walikuwa wamenyamaza.

Kisha nikasikia kukwaruza. Kucha juu ya bati. Chini. Chini ya kiti. Kwa haraka, kama mtu anayepapasa kitu anachojua kipo hapo. Alikiacha hapo. Lazima kipo hapo.

Sikukimbia. Laiti ningekimbia, ningesema niliogopa mzimu. Nilikaa chini juu ya udongo, mgongo kwenye tairi, nikaziba masikio. Kwa sababu nilijua kinachotafutwa. Nilijua pia nani kakiondoa.

Haya sasa, langu hili hapa.

Swichi ya siri zamani haikuwa upande wa abiria. Kwa miaka minne ilikuwa chini ya kiti cha dereva. Shemeji aliifikia kwa vidole bila kutazama. Siku mbili kabla ya kifo chake alikuja gereji kunisalimu. Palikuwa na wateja. Akachungulia gari nililokuwa nalifunga waya, zimesokotana kama kiota, akacheka kile kicheko chake cha polepole, akasema, "Shemeji Injinia, hapa ndege hajaanza kutaga?"

Watu wakaangua kicheko. Utani wa shemeji na shemeji, halali yake. Siku nyingine ningemrudishia kwamba yeye akiendesha, konokono wanaomba njia. Lakini mmoja wa wale wateja alikuwa amesoma, ana karatasi, na alicheka kwa muda mrefu kuliko wengine. Nikaona giza. Nikamwambia shemeji maneno ambayo sitayaandika.

Kesho yake aliniletea pikapu nimbadilishie kitasa cha mlango, akaiacha mlangoni mwa gereji na dada, akaondoka ili asinikute. Aliogopa ulimi wangu. Nikabadilisha kitasa. Kisha, kwa hasira tu, nikaihamisha swichi. Nikaipeleka asikoweza kuifikiria, jioni nikaiendesha pikapu mpaka kwao, nikaizima swichi, nikampa dada funguo. Sikusema neno. Niliwaza: akizungusha funguo akaona kimya, atanipigia. Atauliza. Nami nitamwambia, leo ndege ametaga, umeona?

Alinipigia.

Saa kumi na moja alfajiri simu iliita. Nikaona jina lake. Nikatabasamu kitandani, niseme ukweli, nikatabasamu. Ahangaike kwanza. Ikaita tena. Nikaigeuza kifudifudi. Ikaita mara ya tatu, fupi, ikakatika yenyewe.

Mwenye duka aliponipigia kumepambazuka, nilifika kabla ya dada. Nikakiona kichwa kwenye usukani. Nikauona mkono, umeingia chini ya kiti mpaka kwenye kiwiko, zulia limekunjwa. Mwenye duka alikwenda kutafuta shuka. Nikapitisha mkono nyuma ya kisanduku, nikaiwasha swichi. Nikafungua boneti, nikaing'oa betri nzima yenye afya yake, nikaiweka kwenye gari langu. Aliporudi nikasema: "Betri imekufa."

Nilisema imekufa. Na tangu siku ile, kila betri niliyoiweka humo ikawa inakufa.

Ukwaruzaji ulikoma jua lilipokwenda upande wa pili wa nyumba. Nikasimama. Ingekuwa rahisi mno kumdanganya dada. Ningemwonyesha waya wowote, nikausugua kwa bisibisi ukawa mweupe, nikasema, huyu hapa, aliyemuua ni huyu, wewe lala. Angelala. Nilishaushika hata huo waya mkononi.

Kisha nikaiona ile taa yangu ya kupimia, inawaka kidogo, inanisubiri.

Nilimwamsha dada. Tukakaa ndani ya pikapu, yeye kwenye kiti cha dereva, milango wazi. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, utani, swichi, simu. Nilitazama mbele muda wote, kwenye kioo chenye ufa mdogo wa jiwe.

Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Simu uliisikia?"

"Niliisikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi uliniacha nifunge milango." Hakupaza sauti. "Wiki tatu, mdogo wangu. Uliniona nikifunga milango."

Alipitisha mkono chini ya kiti, akapapasa pale penye zulia lililobanduka, penye matundu mawili ya skrubu za zamani. Vidole vikakaa hapo. Aliinama hivyo muda mrefu, kichwa kwenye usukani, ndivyo nilivyomkuta mumewe.

"Irudishe," alisema akiwa ameinama. "Irudishe ilipokuwa. Leo. Kisha usiingie nyumbani kwangu mpaka nikuite."

Niliirudisha. Kazi ya saa moja nikaifanya kwa saa tatu, kila skrubu ilikuwa na kilo yake. Matundu ya zamani yaliipokea bila ubishi. Nikafunga fyuzi zote kumi na nne, nikafunga betri, nikabandika plasta mpya na kuandika: volti 12.6, kilomita 184,306. Nikaizima swichi. Jioni dada akatoka kwenda zamu, akanipita bila kunitazama, akangoja nitoke, akafagia ua akirudi nyuma mpaka getini, akafunga mnyororo wa geti kwa kufuli na kunitupia ufunguo mmoja. "Asubuhi uje uitazame. Mimi sitaki kuwa wa kwanza."

Nilifika jua linachomoza. Kufuli ilikuwa imefungwa. Mnyororo ulikuwa na umande. Ua lilikuwa limefagiliwa jana na dada, mistari ya ufagio bado ipo toka getini mpaka kwenye tairi, haijakanyagwa hata na kuku. Majani mawili makavu yalikuwa yameangukia boneti.

Nikapima betri. Kumi na mbili na nukta sita.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikalia, sioni haya kuandika. Zulia lilikuwa limelala, halijaguswa. Nikapeleka vidole chini nione swichi.

Ilikuwa imewashwa.

Niliiacha imezimwa. Mimi. Funguo zilikuwa kwangu usiku kucha. Nikainua macho polepole kwenye dashibodi, kwenye mita ya kilomita, nikazisoma namba, nikashuka kwenda kuisoma plasta, nikarudi nikazisoma tena kwa kidole.

Geti likagonga. Dada, amerudi na nguo za kazi, anahema kama aliyetembea mbio. Hakuuliza betri. Alisimama mbali na pikapu.

"Saa kumi na moja na nusu," alisema kwa sauti ya chini, "nilikuwa nakunja mashuka. Nikaisikia nje. Ile ya kukohoa mara mbili ndipo ishike, unaijua. Ikaja taratibu, taratibu, ikasimama mlango wa dharura, ikazimwa. Nikatoka na shuka mkononi." Akafuta jasho kwa kiganja. "Hapakuwa na kitu. Mlinzi akaniuliza, na wewe umeisikia?"

Nikamwonyesha mita kwa kidole. Akasogea. Akaisoma. Nikambandulia plasta kwenye betri, nikampa ashike, alinganishe mwenyewe.

184,312.

Alisoma midomo ikicheza, kama mtu anayehesabu watoto. "Sita," alisema.

"Sita."

"Kwenda na kurudi ni kumi na mbili."

"Ndiyo, dada."

Akatazama mnyororo wa geti, mistari ya ufagio, majani juu ya boneti. Kisha akaikunja ile plasta ndani ya kiganja, akaifumba, akaingia ndani. Siku hiyo alilala mpaka jioni.

Nilikwenda hospitali kwa gari langu, nikapima toka getini kwao mpaka mlango wa dharura. Kwenda, kilomita sita. Nikarudi nikapima tena.

Mwaka sasa. Pikapu inawaka kwa mguso mmoja, betri ni ile ile. Dada amejifunza kuendesha, naye huenda polepole. Mimi hajaniita ndani. Tunaongea getini, na akileta gari gereji ananiita fundi, haniiti mdogo wangu. Ukutani nimefuta yale maandishi. Mara moja tu nilimwuliza kama ile plasta anayo. Akafungua kisanduku cha makaratasi, ikawa imo, imeandikwa kwa mwandiko wangu, volti na kilomita. Chini yake palikuwa na namba 184,312, ambayo asubuhi ile haikuwapo, kwa wino ule ule wa kalamu yangu isiyotoka mfukoni mwangu.

Nikamwambia ameandika vizuri. Akaniambia si yeye, alidhani mimi.

Tarakimu zimeegemea kulia, taratibu, hazina haraka. Shemeji alikuwa akiandika hivyo.